Mchanga wa Edafe

Kata ya bati ilikwaruza chini ya pipa, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Onajite, aliyekuwa amelala na mtoto mchanga ubavuni, alijua kabla hajafumbua macho kwamba maji yamekwisha. Mama mkwe wake, Omamerhi, alikuwa ameinama ndani ya pipa mpaka mabegani, anakomba yaliyobaki. Alijitahidi asimwamshe mzazi. Kila kata ilipogusa chini alipunguza nguvu ya mkono, lakini bati ni bati.

"Mama, acha. Nitaoga kesho."

"Kesho ipi? Mwanamke aliyejifungua juzi hakai bila kukandwa na maji ya moto kwa sababu ya ndoo moja. Lala huko."

"Na wewe utakunywa nini?"

"Mimi nimekunywa maji miaka yote hii. Sijachoka, lakini naweza kupumzika kidogo."

Onajite alicheka bila sauti ili asimwamshe mtoto. Halafu kicheko kikakatika. "Leo ndiyo siku ya wakaguzi, Mama. Wakisema pamekuwa safi, boza la maji haliji tena."

Omamerhi aliimimina ile kata ya mwisho kwenye sufuria, akaitazama, akaifunika.

Nyumba yao ndiyo ya mwisho kijijini. Nyuma yake kuna shamba la mihogo, na baada ya shamba kuna kisima cha mafuta cha kampuni na bomba refu linalochoma gesi usiku na mchana. Wakati wa mvua bomba la mafuta la chini ya ardhi lilipasuka. Mafuta yakatambaa shambani, yakapita uani, yakaingia kwenye kisima chao cha maji. Serikali ikasema kampuni isafishe, na mpaka pale patakapothibitishwa kuwa pamesafishwa, iwaletee watu maji ya kunywa. Ndipo boza likaanza kuja. Siku moja lilichelewa, na Onajite akamwogesha mtoto kwa maji ya kisima, baada ya kuyachuja kwa kitambaa na kuyachemsha. Jioni ngozi ya mtoto ikatoka malengelenge, kama aliyerushiwa mafuta ya kukaangia. Yalikuwa bado hayajapona mgongoni. Bibi yake aliyapaka mafuta ya mbegu za mchikichi kila asubuhi kwa ncha ya kidole, huku akimwomba radhi.

Akpobome, mwana wa Omamerhi na baba wa mtoto huyo, alikuwa amekaa kizingitini. Alfajiri hiyo palikuwa na giza, jambo ambalo nyumba ile haikulizoea.

"Wameshusha moto," alisema. "Siku wakubwa wakija hata moto wa gesi unakuwa na adabu."

"Wakiondoka?" aliuliza mama yake.

"Wakiondoka utauona kutoka mjini Ughelli."

Alisema hivyo kwa mzaha, lakini hakugeuka kumtazama mama yake usoni. Tangu alipoanza kazi ya kusafisha, Akpobome alikuwa na tabia ya kuzungumza na watu akiangalia miguu yao.

Kulipopambazuka, jirani wa ng'ambo ya njia alikuja na nusu ndoo ya maji kichwani, akaitua mlangoni bila kubisha hodi. Omamerhi alipotoka kumshukuru, mwenzake alikuwa ameshafika nusu ya njia, anapunga mkono nyuma bila kugeuka, kwa sababu alijua kwamba akigeuka ataulizwa kwake wamebakiwa na kiasi gani.

Edafe alifika jua likiwa limeshapanda kidogo. Alikuja kwa gari jeupe lililoandikwa jina la biashara yake mlangoni, maana ndiye aliyepewa zabuni ya kusafisha. Hakuwa mgeni. Alikuwa mtoto wa kaka yake Omamerhi. Mama yake alifariki Edafe angali mdogo, na shangazi huyu ndiye aliyemlisha, akamtoa funza, akamtandikia mahali pa kulala karibu na Akpobome. Siku hizi watu walimwita Chifu. Omamerhi alimwita Edafe.

Omamerhi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake chini ya upenu, na alipomwona anakuja akanyoosha mgongo kumpokea. Kwetu mtu hamsalimii mkubwa wake akiwa amesimama. Unapiga magoti, unasema "Migwo," na mkubwa anakujibu "Vrendo," ndipo unainuka. Hata waliosoma Ulaya wanafanya hivyo. Edafe mwenyewe, pamoja na uchifu wake, hakuwahi kuacha.

Asubuhi hiyo alisimama hatua chache mbali, akainama kidogo kutoka kiunoni. "Migwo, Shangazi. Utanisamehe, mgongo unaniua."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Omamerhi. Lilikaa hapo kwa muda likiwa halijui liende wapi. "Vrendo," alisema mwishowe. "Pole. Umeumia lini?"

"Ni hizi barabara. Haya, nimekuleteeni vitu." Akamwekea mapajani kofia na kitenge vyenye nembo ya kampuni. "Vaa hivi. Wakikuuliza, sema tunashukuru. Usiongeze neno. Onajite akae ndani na mtoto. Mtoto anapolia sana watu wanadhani ana ugonjwa."

"Ana ugonjwa," Onajite alisema kutoka ndani.

"Vipele vya joto tu hivyo, shemeji. Watoto wote wana joto."

"Wako walipata joto la mgongoni tu?"

Edafe alicheka kicheko cha mtu mwenye haraka. Akamgeukia Akpobome. "Binamu, kisima kimefunikwa?"

"Kimefunikwa."

"Weka na ungo wa pilipili juu yake, paonekane pana maisha. Na wewe ukae mbali. Kibarua hazungumzi na wakaguzi. Ujira wako uliobaki nitakupa wakishaondoka."

Omamerhi alikigusagusa kile kitenge. Kilikuwa kikavu na kigumu, kinanuka harufu ya dukani. Lakini mawazo yake hayakuwa kwenye kitenge. Alikuwa anajiuliza amemkosea nini mtoto huyu hata amsalimie kama anayemsalimia mlinzi wa benki, na tena mbele ya mkwe wake. Alikivaa kitenge hicho ili asionekane ana kinyongo.

Kuzunguka nyumba palikuwa pazuri siku hiyo, mtu asikatae. Mchanga mweupe wa mtoni ulikuwa umemwagwa kote uani na shambani, ukasawazishwa, na majani yamepandwa kwa mistari. Mbali kidogo, vibendera vyekundu vilichomekwa mahali ambapo udongo ungepimwa. Kutoka barabarani mpaka kwenye vibendera, Edafe alikuwa amelaza mbao ili wageni wasichafue viatu.

Wakaguzi walikuja watu wawili na dereva. Mkubwa wao alikuwa Injinia Amakiri, mtu mnene mwenye leso iliyokuwa haitoki mkononi. Mdogo alikuwa binti aitwaye Eseoghene, aliyevaa suruali nyepesi ya rangi ya maziwa na kubeba begi la vifaa ambalo hakuna aliyemsaidia.

Akpobome alileta viti. Injinia alikifuta kiti kwa leso, akaitazama leso, akaamua kutokaa. Omamerhi alileta kokwa za kola na kinywaji kwenye sahani, kama inavyompasa mwenye nyumba. Injinia alivigusa kwa kidole kimoja kuonyesha amepokea, halafu akafungua chupa yake mwenyewe ya maji, baridi mpaka inatoa jasho, akanywa nusu, akasukutua kwa kilichobaki na kukitema kwenye majani mapya. Omamerhi alikifuata kile kidimbwi kidogo kwa macho mpaka kikanywewa na mchanga. Yangetosha kumpangusa mtoto mwili mzima.

"Mama, mambo yanaendaje?" Injinia aliuliza, akimtazama Edafe.

"Tunashukuru," Omamerhi alisema.

"Umesikia? Wanashukuru. Tupime tuondoke, kuna joto hapa."

Wakapita juu ya mbao wakaenda kwenye vibendera. Kifaa cha kupimia hewa kikaelekezwa kwenye bomba la gesi, ambalo siku hiyo lilikuwa na mwali mdogo kama wa kibatari, na Injinia akatangaza kwamba hewa ni nzuri. Palipokuwa na kibendera pakachotwa udongo kidogo, na huo nao ukawa safi, maana mwenye kuchomeka vibendera alijua anavichomeka wapi. Majirani walikuwa wameanza kukusanyika uzioni. Watoto waliigiza jinsi Injinia anavyotembea juu ya ubao, mikono imetanuliwa kama bata, na mama zao waliwakanya huku wakicheka.

Kazi ilipoelekea mwisho, Eseoghene alitazama nyuma akamwona yule mama mzee pale chini ya upenu, ambaye hakuna aliyemsalimia sawasawa. Akatua begi. Akashuka kwenye ubao.

"Dada, pita kwenye mbao," Edafe aliita haraka. "Dada! Viatu vyako!"

"Nakuja, namwamkia Mama."

Alivuka ua akafika mbele ya kigoda, na kama alivyolelewa na watu wake, akapiga magoti yote mawili chini.

"Migwo, Mama."

Omamerhi alipaswa kumjibu papo hapo ili ainuke. Lakini alikuwa na kiu ya salamu ile tangu asubuhi, na sasa imekuja kwa mtu asiyemtarajia, mtoto wa watu mwenye mikono safi. Akaishika ile mikono. "Wewe ni wa kwetu! Umetoka kwa nani, mwanangu?"

"Kwa kina Erhiaganoma, Mama. Wa Agbarho."

"Agbarho! Bibi yako hakuwa akiuza mafuta ya mawese sokoni, mrefu, ana pengo hapa?"

"Ndiye huyo. Amefariki."

"Ooh. Pole, mwanangu. Alikuwa akinipunguzia bei huyo, bila kuombwa." Omamerhi alitikisa kichwa, akamtazama usoni kwa muda, na ndipo akakumbuka. "Vrendo, mwanangu. Vrendo. Nimekuweka chini."

Eseoghene aliinuka. Harufu ndiyo iliyotangulia, ile ya petroli iliyochanganyika na kitu kilichooza. Kisha watu wote wakaona. Mchanga mweupe pale alipopiga magoti ulikuwa umebonyea na kuacha mashimo mawili, na ndani ya mashimo hayo mafuta meusi yalikuwa yanapanda taratibu. Magotini, suruali ya rangi ya maziwa ilikuwa na mabaka mawili meusi, na moja lilikuwa linatiririka kuelekea kwenye kiatu.

Uzioni watoto waliokuwa wakiigiza wakashusha mikono.

"Tope hilo," alisema Injinia. "Juzi mvua imenyesha."

"Kabisa, bosi, ni tope." Edafe alikuwa amefika na chupa ya maji, anainama kumwosha binti wa watu magoti kwa mkono wake mwenyewe. Aliinama vizuri sana. Mgongo haukumuuma hata kidogo. "Pole, dada, pole. Nilikuambia upite kwenye mbao."

Omamerhi aliyatazama magoti ya Eseoghene. Halafu akaitazama suruali ya Edafe. Nyeupe, imepigwa pasi, haina hata doa.

"Edafe," alisema. "Njoo unisalimie."

"Nimeshakusalimia, Shangazi."

"Uliinama. Njoo unisalimie."

"Shangazi, sasa si wakati wake. Hawa watu wana haraka."

"Ulipovunjika mguu ulinipigia goti moja, lile zima, mpaka nikalia. Siku ya uchifu wako ulinipigia yote mawili barabarani, mbele ya ngoma. Leo uko kwenye ua ulimokulia, mchanga umeumwaga wewe, mpya, mweupe. Piga magoti basi. Hapa hapa, kando yake."

Edafe alibaki na chupa mkononi.

"Chifu, hata mkeka hutaki?" mtu mmoja aliuliza uzioni. Wakaangua kicheko.

"Mwacheni, suruali ya watu hiyo, hajamaliza kuilipia!"

Omamerhi hakucheka. "Nilikaa asubuhi nzima najiuliza nimekukosea nini. Kumbe ulijua. Ulijua kilichopo chini, ukaogopa kukigusa kwa goti, lakini ukaona kinatufaa sisi tukilalie." Akakifungua kile kitenge kiunoni, akakikunja vizuri, kwa sababu hakuwa mtu wa kutupa vitu, akamwekea juu ya bega.

Eseoghene alimgeukia Akpobome aliyekuwa amesimama karibu na ungo wa pilipili. "Kaka, wewe ulifanya kazi hapa?"

Akpobome alitazama miguu ya binti.

"Chini ya mchanga kuna nini?"

"Akpobome," Edafe alisema polepole, "kumbuka nani anakulisha."

Mlango ukafunguka. Onajite alitoka na mtoto akiwa uchi begani, mgongo wa malengelenge umeelekezwa kwa watu. Hakumwonyesha Injinia. Alikwenda moja kwa moja mbele ya mumewe.

"Uliumwaga wewe," alisema. "Kila jioni ulirudi na mchanga masikioni, nikakuosha kwa maji ya boza, sikukuuliza kitu. Nilijua unatafuta pesa za kunilipia hospitali. Sasa nimeshajifungua, Akpobome. Deni hilo limekwisha. Sema."

Akpobome alikwenda nyuma ya nyumba, akarudi na sepetu, akaichomeka pale pale uani. Mchanga mweupe ulikwisha baada ya kiasi cha kiganja cha mkono. Chini yake sepetu ilitoa sauti ya kunyonya. Alichotoa hakikuwa udongo. Kilikuwa ute mweusi, mzito, wenye mihogo yao iliyozikwa na mashina yake, na chura aliyevimba ambaye ngozi yake ilibambuka alipoguswa. Mapovu yakapanda kwenye shimo, yakapasuka moja moja. Mwanamke mmoja uzioni akashika mdomo, akakimbilia pembeni kutapika. Injinia aliweka leso puani.

"Tulikuwa tumeambiwa tuyachote mafuta, tuyapakie kwenye malori," Akpobome alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, lakini sasa alimtazama Eseoghene usoni. "Malori hayakuja. Chifu akasema tugeuze udongo, tufunike. Kote ni hivi. Kisima chetu pia kiko hivi. Mama, nisamehe."

"Endelea kuchimba," Omamerhi alimwambia. "Tutasameheana baadaye."

Injinia Amakiri alikuwa ameshapiga hatua kuelekea kwenye gari. "Shimo hilo haliko kwenye kibendera," alisema. "Sisi tunapima kwenye vibendera. Eseoghene, weka sahihi yako twende."

"Siweki."

"Nini?"

"Nimevaa ushahidi, bosi. Siweki."

"Cheti cha usafishaji kinataka sahihi mbili."

"Ndiyo maana siweki."

Injinia alimtazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye chakula. "Wewe bado mtoto kazini. Kuna kituo chetu kule kwenye vinamasi ambako hata simu haishiki, na kinatafuta mtu. Fikiria." Kisha, bila kupunguza sauti, mbele ya mwenye nyumba, na mzazi, na majirani wote, akamwambia Edafe: "Tutarudi baada ya wiki mbili. Ongeza mchanga. Na safari hii ushindilie, mwanaume, usitutie aibu." Akajifuta shingo. "Ile supu ya kambale umesema iko wapi?"

Wakaondoka wawili kwa gari jeupe kwenda kula. Edafe alipopita karibu na Akpobome alisema, "Ujira wako kamwombe mama yako." Omamerhi alisikia. Alitema mate pembeni, kitu ambacho hakuna aliyewahi kumwona akifanya.

Gari la serikali lilibaki likimsubiri Eseoghene. Dereva, mtu wa makamo ambaye hakuwa amesema neno tangu afike, alifungua buti, akatoa katoni nzima ya maji ya chupa ya Injinia, akaipeleka mlangoni na kuisukuma nyuma ya pazia kwa mguu. "Nitasema ilidondoka njiani," alimwambia Onajite, akarudi kwenye usukani wake.

Eseoghene alikuwa anapiga picha shimo, malengelenge ya mtoto, na magoti yake mwenyewe. Omamerhi alimletea kanga ya kubadilisha.

"Vua nikufulie, mwanangu. Utachubuka."

"Hapana, Mama. Naingia nayo ofisini hivi hivi. Nataka waisikie harufu ndani ya lifti."

"Watakuhamisha kweli?"

"Wanaweza."

"Na boza?"

"Bila cheti halisimami. Mpaka ukaguzi mwingine watawaletea, wasipowaletea nipigieni." Alimpa Akpobome namba yake. "Lakini baada ya hapo sijui, Mama. Sitakudanganya. Wakileta mkaguzi mwingine badala yangu, akapita kwenye mbao..."

Omamerhi aliutazama ua wake. Mbali, bomba la gesi lilianza kunguruma. Mwali ukapanda mara moja, ukavuka miti, na joto lake likawafikia usoni. Wakubwa walikuwa wamekwisha kuondoka, kwa hiyo hapakuwa na haja ya adabu tena. Majani yaliyopandwa kwa mistari yakaanza kulala.

Alichukua kigoda chake chini ya upenu, akakibeba mwenyewe bila kumruhusu mtu amsaidie, akakiweka ukingoni mwa shimo, akaketi. Harufu ilimtoa machozi. Jirani wa ng'ambo alivuka uzio na kiti chake, akaketi upande wa pili. Onajite akaanza kuja na mtoto, na wote wawili wakamfokea arudi ndani.

"Malori ya mchanga yatakuja hapa," Omamerhi alisema. "Edafe ni mwanangu, hatanifukia. Ataniomba niondoke, atalia, ataleta wazee. Mimi nitakuwa nimekaa." Akamshika Eseoghene mkono, ule mkono safi, akaupigapiga kama mtu anayemtuliza mtoto. "Sasa wewe usingoje hizo wiki mbili. Usingoje kutumwa. Njoo Jumapili, njoo kama mtu anayetembelea watu wake, nitakupikia ugali wa wanga wa muhogo na supu ya mawese, maji nitayapata. Hata wakikuhamisha, njoo. Njoo tena upesi, mwanangu, mimi si kijana, na kukaa hapa peke yetu ni kazi."